Msaada wa Ukame Ufike Mbuzi Akiwa Hai



Mpendwa msomaji, Desemba 2022 paroko alinituma nikae wiki tatu katika kigango kimoja cha Kaunti ya Marsabit, nimsaidie katekista kuandaa sherehe ya Noeli. Mvua ilikuwa imekosa misimu mitano mfululizo. Kando ya barabara kulikuwa na mizoga iliyokauka kiasi cha kutotoa harufu tena. Watoto waliokuja kwenye mazoezi ya nyimbo walikuwa wakikaa chini baada ya ubeti wa pili kwa uchovu.

Jioni moja mama mmoja mjane alinijia na simu yake ndogo, akaomba nimsomee ujumbe ulioingia. Ujumbe ulisema kwamba fedha za msaada wa ukame zimewekwa, aende kwa wakala akazichukue. Nilifurahi kwa niaba yake. Nikamwambia, "Hongera, mama, pesa imefika." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Asante, Frateri. Ingefika mwezi wa nane ningenunua nyasi. Wakati ule nilikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Sasa nitanunua unga. Unga ukiisha, nitangoja simu ilie tena."

Maneno yale nimekaa nayo hata darasani, tunaposoma maadili. Mama yule hakulalamika kwamba fedha ni kidogo, wala hakusema zimeibwa. Alisema zimechelewa, na kwamba kuchelewa kumezigeuza. Zilikuwa ziwe fedha za kuokoa mifugo, zikawa fedha za chakula cha siku chache.

Hoja yangu katika makala hii ni moja. Msaada wa dharura ambao serikali huwapa wafugaji ni deni la haki, na deni hilo lina tarehe. Ukilipwa mnyama akiwa bado amesimama, familia inabaki na kazi yake, maziwa ya watoto na akiba yake. Ukilipwa baada ya mnyama kufa, familia inalishwa kwa muda tu, kisha inaanza kungoja msaada mwingine. Kwa hiyo sisi tunaojiandaa kwa upadre, pamoja nanyi waumini mnaotulea kwa sala na sadaka zenu, tuulize "lini" kwa nguvu ile ile tunayouliza "kiasi gani" na "nani amepata".

Mgeni tunayemjua

Tuanze na hali ilivyokuwa. Mvua za vuli za mwisho wa mwaka 2020 zilikosekana katika sehemu kubwa ya kaskazini mwa Kenya. Za masika ya 2021 zikakosekana pia. Septemba 8, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Baada ya tangazo hilo misimu mingine mitatu ilipita bila mvua ya maana. Kufikia mvua iliporejea mwezi Machi 2023, zaidi ya mifugo milioni 2 ilikuwa imekufa nchini. Marsabit, Turkana, Samburu, Isiolo, Wajir, Mandera na Garissa ziliumia sana. Mwisho wa mwaka huo huo El Niño ikaleta mafuriko mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kuchimba mchangani kutafuta maji.

Tunaliita jambo hili dharura. Lakini wazee wa Marsabit wakikaa chini ya mti watakuhesabia ukame wa 1984, wa 1999 hadi 2001, wa 2005 na 2006, wa 2008 na 2009, wa 2010 na 2011, wa 2016 na 2017, ndipo wafike huu wa juzi. Mgeni anayerudi mara nyingi hivyo hawezi kutushtua mlangoni. Tunajua njia anayopita, na tunajua dalili za kuja kwake.

Tena dalili hizo zinaandikwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti ya nchi kavu. Taarifa hiyo hueleza hali ya mvua, malisho, umbali wa kwenda majini, afya ya mifugo, bei sokoni na lishe ya watoto. Kisha huiweka kaunti katika hatua mojawapo: ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari, ya dharura, au ya kupata nafuu. Tazama mpangilio huo. Kabla ya neno dharura kufika, tayari kuna hatua mbili za onyo. Mbuzi wa yule mama walikuwa hai wakati wa maonyo hayo.

Ujuzi wa kulipa mapema upo

Huenda mtu akasema kwamba serikali haiwezi kujua mapema nani ataathirika, ndiyo maana husubiri. Hapo Marsabit yenyewe inatujibu, kwa sababu ni miongoni mwa mahali ambapo njia za kuwahi zimejaribiwa.

Njia ya kwanza ni mpango wa fedha ambao watu wa kaskazini wanaujua kwa herufi zake, HSNP, ulio chini ya Inua Jamii. Ulianza takriban mwaka 2009 katika kaunti ambazo leo ni Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Katika awamu yake ya pili kaya zipatazo 100,000 zilizo maskini zaidi zililipwa kwa utaratibu wa kudumu, shilingi 2,700 kwa mwezi, fedha zikitolewa kila baada ya miezi miwili. Lakini jambo la busara zaidi lilikuwa hili: kaya nyingine nyingi ziliandikishwa na kufunguliwa akaunti za benki hata kama hazikuwa katika orodha ya kudumu. Setilaiti hupima ukijani wa mimea juu ya ardhi. Kipimo cha miezi mitatu kikishuka chini ya 20, ukame unahesabiwa kuwa mkali. Kikishuka chini ya 10, umepita kiasi. Hapo kaya za ziada hulipwa pia, bila kungoja mtu apite kijiji kwa kijiji akiandika majina upya. Malipo ya namna hiyo yalianza mwaka 2015.

Njia ya pili ni bima ya mifugo. Januari 2010, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, pamoja na washirika wake, ilianzisha Marsabit bima inayotumia setilaiti hizo hizo. Mfugaji hakuhitaji kuonyesha mzoga ili alipwe. Malisho ya eneo lake yakionekana yamekauka kupita kiwango fulani, alilipwa. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake katika Turkana na Wajir, baadaye ukafika kaunti nyingine, ambapo ililipa yenyewe ada ya bima ya kaya zilizochaguliwa kwa thamani ya ng'ombe 5, ambao katika hesabu ya bima hiyo ni sawa na mbuzi 50.

Katika historia ya bima hiyo kuna jambo dogo ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote. Mwanzoni ilikusudiwa kufidia mifugo iliyokufa, hivyo ililipa msimu mbaya ukishakwisha. Baadaye waliibadilisha ili ilinde mifugo iliyo hai, nayo ikaanza kulipa mapema zaidi, mfugaji apate kununua nyasi, maji na dawa. Wataalamu wenyewe walifikia hitimisho lile lile la mama yangu wa kigangoni. Utafiti uliofanywa Marsabit baada ya malipo ya 2011 uliona kwamba kaya zenye bima zilipunguza kuuza mifugo kwa hasara na kupunguza kukatisha milo, kuliko zile zisizokuwa nayo.

Kwa hiyo hatuwezi kujitetea kwamba hatukujua. Vipimo, akaunti na simu vipo. Kinachobaki ni uamuzi wa kutoa fedha siku kipimo kinaposema zitolewe, na bajeti iliyotengwa kabla ya siku hiyo kufika.

Hesabu ya mbuzi arobaini

Wenzangu wa nyanda za juu mara nyingine hushindwa kuelewa kwa nini tunahuzunika hivi juu ya wanyama. Naomba tufanye hesabu pamoja.

Tuseme familia ina mbuzi 40, na tuseme mbuzi mwenye afya wakati wa neema huuzwa shilingi 6,000. Hiyo ni mali ya shilingi 240,000 inayotembea kwa miguu yake. Inatoa maziwa, inazaa, inalipa karo, inatoa mahari, inampeleka mgonjwa hospitalini. Sasa ukame umewamaliza wote. Serikali inaanza kuipa familia hiyo shilingi 2,700 kwa mwezi. Kama wangeiweka akiba yote bila kula hata sahani moja ya ugali, ingewachukua zaidi ya miaka saba kurudi walikokuwa. Ndani ya miaka saba ukame mwingine utakuwa umekwisha kupita.

Sasa chukua fedha hizo hizo, za miezi minne tu, uzitoe mapema, hatua ya tahadhari ikitangazwa. Hazitaokoa mbuzi wote. Mfugaji mwerevu atauza wanaume na wazee wakiwa bado na bei, atanunua nyasi na dawa kwa ajili ya majike machache wenye mimba. Akibaki na majike kumi, mvua ikirudi ana pa kuanzia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mbuzi arobaini hauwezi kujengwa kwa shilingi 2,700.

Haki, wala si hisani

Wengi wetu, hata makanisani, tunauita msaada huu "huruma ya serikali". Nimewahi kuona wanasiasa wakipiga picha na magunia kana kwamba mahindi yametoka ghalani kwao. Waumini wanashukuru, wanapiga makofi, na mtu anayeshukuru zawadi haulizi kwa nini imechelewa. Ndiyo maana swali la haki au hisani ni la msingi. Hisani haina tarehe. Deni linayo.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na inaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu. Hilo ni neno la sheria ya nchi. Kanisa lilikuwa limesema hivyo zamani kabla ya nchi hii kuwa na katiba. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa, anafundisha kwamba mtu akiwa katika hitaji kubwa kabisa, mali ya dunia inakuwa ya wote kwa ajili yake, kwa kuwa mgawanyo wa mali uliowekwa na wanadamu hauwezi kufuta kusudi la Mungu la kuwalisha watu wote. Neno letu la Kiswahili, dharura, lilitoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya hitaji lisiloepukika. Naye Papa Gregori Mkuu, akiwaandikia wachungaji, aliwaonya wasijisifu kwa kuwapa maskini, maana wanawarudishia cha kwao.

Kuna sababu nyingine ya kuliita jambo hili deni. Aprili 2023 wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walitoa uchambuzi wa ukame huu, wakasema mabadiliko ya tabianchi yaliuongezea uwezekano wa kutokea angalau mara 100. Mama mwenye mbuzi kumi na mmoja hana kiwanda wala gari. Anabeba mzigo uliofungwa na wengine.

Huenda ukauliza: mbona wafugaji wasisaidiane wenyewe kama zamani? Wanasaidiana. Waborana wana desturi iitwayo buusaa gonofaa, ambapo ukoo humchangia wanyama mtu aliyepoteza mifugo yake, aanze upya. Ni desturi nzuri kuliko michango mingi ninayoijua, kwa sababu hairudishi chakula tu, inarudisha kazi. Lakini ilitungwa kwa ajili ya siku ambayo mmoja amepoteza na wengine wanacho. Misimu mitano ya ukame ikimaliza mifugo ya ukoo mzima, nani amchangie nani?

Hapa ndipo Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatusaidia. Papa Pius XI, katika waraka wake Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alieleza kanuni ya auni: chombo kikubwa kisinyang'anye kazi ambayo chombo kidogo kinaiweza. Wengi tunaisoma kanuni hiyo kama onyo kwa serikali ikae mbali. Lakini auni maana yake ni msaada. Chombo kidogo kinapozidiwa, kikubwa kinawajibika kukishika mkono, na kukishika kabla hakijaanguka. Serikali ikimlipa mfugaji mapema, ukoo wake unabaki na wanyama wa kuchangiana, na desturi ya buusaa gonofaa inaendelea kuishi. Ikichelewa, inaua mifugo na desturi pamoja.

Yusufu na mifugo ya Wamisri

Wahubiri tunapenda kumtaja Yusufu mwana wa Yakobo kama mfano wa uongozi bora wakati wa njaa. Alisoma dalili, akaweka akiba miaka saba, akaokoa maisha. Hilo ni kweli, na viongozi wetu wangefanya vema kuiga akiba yake. Ila mara nyingi tunafungia mahubiri pale ndugu zake wanapokumbatiana naye. Nawaomba msome hadi sura ya 47 ya kitabu cha Mwanzo.

Pale watu wa Misri wanakwisha fedha. Wanamjia Yusufu kutafuta chakula, naye anawauliza mifugo yao. Wanatoa farasi, kondoo, mbuzi, ng'ombe na punda, wanapata chakula cha mwaka mmoja. Mwaka unaofuata hawana mifugo, wanatoa mashamba. Mwisho wanajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao, huku wakimshukuru kwa kuwaokoa. Wote waliokolewa na kifo, na karibu wote walipoteza uhuru.

Simhukumu Yusufu. Ninachokiona ni utaratibu wa hatua zile: kwanza fedha, kisha mifugo, kisha ardhi, kisha mtu mwenyewe. Hatua hizo hizo nimeziona kaskazini. Mifugo ikiisha, familia inasogea pembezoni mwa mji. Kijana anakwenda kubeba mawe, msichana anaachishwa shule, na mzee aliyekuwa na heshima katika baraza anajifunza kusimama kwenye foleni. Yeyote anayepanga msaada wa dharura ajiulize ni hatua ipi kati ya hizo anataka kuizuia. Mimi nasema izuiwe ya pili.

Hata mpango wa serikali wa kununua mifugo dhaifu kupitia Tume ya Nyama ya Kenya unapimwa kwa kipimo hicho. Ukifanywa mapema, mfugaji anapata bei, malisho yanapungua walaji, na nyama inawafikia wenye njaa. Ukifanywa kwa kuchelewa, lori linakuta ng'ombe asiyeweza kupanda.

Mnaopinga, nimewasikia

Nikiyasema haya kwenye meza ya chakula seminarini, wenzangu hunipinga, nami nawashukuru, kwa sababu hoja zao ni za kweli.

Mmoja hunikumbusha methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anaogopa kwamba fedha za bure zitawazoesha watu uvivu. Namwambia ninaikubali methali yake yote. Hata Papa Fransisko katika Laudato Si' alifundisha kwamba kumsaidia maskini kwa fedha ni suluhisho la muda wakati wa dharura, na shabaha ni aishi kwa heshima kutokana na kazi yake. Lakini jembe la mfugaji ni mifugo yake. Ukiacha mbuzi wafe kisha ukamhimiza mama yule ajitegemee, umechukua jembe mkononi mwake na sasa unamwuliza mbona halimi. Anayechukia utegemezi anapaswa kuwa wa kwanza kudai malipo ya mapema, maana malipo ya kuchelewa ndiyo yanayozaa utegemezi.

Mwingine husema setilaiti hukosea. Ni kweli. Kipimo ni cha eneo kubwa, na huenda bonde moja likawa na kijani huku ng'ambo ya kilima hakuna hata jani. Mara nyingine kijani kinachoonekana kutoka juu ni mathenge, mti wenye miba ambao si malisho ya kutegemea. Aristoteli aliliona tatizo hili mapema. Katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako anasema sheria husema kwa jumla, na mambo ya watu hutokea moja moja, hivyo panahitajika busara ya kuirekebisha. Anatoa mfano wa mafundi wa kisiwa cha Lesbos waliotumia rula ya madini ya risasi, inayojipinda kufuata umbo la jiwe. Nasi tunahitaji rula ya namna hiyo. Setilaiti itoe tarehe, kisha wazee, machifu na kamati za vijiji waseme ni bonde lipi limekosewa. Lakini kosa la kipimo lisitumike kama sababu ya kungoja mizoga ihesabiwe. Nikipewa kuchagua kati ya kulipa mapema mwaka ambao mvua ikaja kurudi, na kulipa baadaye mwaka ambao haikurudi, nachagua kosa la kwanza. Fedha iliyolipwa mapema bila ulazima bado inanunua dawa ya minyoo na karo. Iliyochelewa hainunui kilichokufa.

Wa tatu huuliza fedha zitoke wapi. Anajua kwamba kaunti zina mahitaji mengi na kwamba taifa lina madeni. Jibu langu ni kwamba fedha hutoka hata hivyo. Ukame ukikomaa tunalipia malori ya maji, mahindi, lishe ya watoto waliodhoofika, na askari wa kutuliza mapigano ya visimani. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Hazina hiyo ikitengwa, isiguswe kwa mambo mengine, na ifunguke kwa kipimo badala ya kungoja hotuba, tutatumia fedha zile zile kabla ya hasara.

Wa nne, ambaye mwenyewe ni mtoto wa mfugaji, hunionya kwamba wenye mifugo mingi watafaidi zaidi. Hapo sina la kubisha. Mali ya mwenye ngamia mia moja si sawa na mbuzi kumi na mmoja wa mjane, na haki ya mgawanyo haidai walipwe sawa. Orodha ianze na wenye wanyama wachache ambao bado wanaweza kuokolewa, na waliokwisha kupoteza wote wabaki katika malipo ya kudumu.

Daftari la kigango

Sasa sisi tufanye nini? Kanisa halina setilaiti, wala halipaswi kugeuka kuwa wizara. Lakini lina kitu ambacho serikali haina kwa urahisi: liko kila mahali na haliondoki. Kigangoni kuna katekista, kuna jumuiya ndogondogo, kuna Kamati ya Haki na Amani. Napendekeza mambo matatu.

La kwanza, kila kigango katika nchi kavu kiwe na daftari la ukame, la kuandikwa tarehe tu. Silanga limekauka lini. Mifugo imehamishwa lini. Mbuzi wa kwanza amekufa lini. Taarifa ya NDMA imeitangaza kaunti yetu kuwa katika hatua ya hatari lini. Fedha zimeingia kwenye simu lini. Kila mtu anajua kuhesabu fedha, na wakaguzi wapo. Ila tarehe hizi zikiwekwa karibu karibu kwenye ukurasa mmoja, kila mtu atauona ufa. Ushiriki wa umma katika bajeti ya kaunti ukifika, wajumbe wetu wasiende na malalamiko matupu. Waende na daftari.

La pili, jumuiya ndogondogo ziwatafute wasioonekana kwenye orodha: mzee ambaye alama za vidole zake zimefutika kwa kazi na mashine haimtambui, msichana anayelea wadogo zake bila kitambulisho, familia iliyokuwa malishoni siku ya kuandikishwa. Orodha isomwe hadharani, mbele ya Wakristo na Waislamu na wa dini za jadi, kwa kuwa njaa haiulizi mtu amebatizwa wapi.

La tatu ni letu waseminari. Tutaitwa wachungaji maisha yetu yote. Papa Fransisko aliwataka mapadre wawe na harufu ya kondoo wao, nasi tunalipenda sana neno hilo kwenye kadi za upadrisho. Wengi wetu hatujawahi kuamka saa kumi usiku kumwinua mnyama aliyelala kwa udhaifu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Likizo ijayo, anayetumwa kaskazini asiende kufundisha nyimbo tu. Akae na mfugaji mmoja siku nzima hadi kisimani na kurudi, na ajifunze kulijaza daftari.

Mimi langu nimelianza. Ukurasa wa kwanza una mistari miwili. Agosti 2022: mbuzi kumi na mmoja. Desemba 2022: ujumbe wa simu. Mama yule alinisimulia pia miezi iliyo katikati, mbuzi mmoja mmoja na jina lake, nami nikaandika. Ninaomba paroko mmoja, au katekista mmoja anayesoma makala hii, aanze la kwake kabla ya masika yajayo.

Mungu awabariki nyote, awape mvua kwa wakati wake, na awape viongozi wetu moyo wa kulipa deni kabla halijageuka rambirambi.